Mguu wa Fundi Pindo

Walimwita Pindo, na jina lilimkaa kama suruali aliyoishona mwenyewe. Mteja akija kulalamika kwamba kitambaa kimekatwa upande, Pindo habishani naye. Anaivuta nguo, anaigeuza, anasema, "Hiyo tutaimezea kwenye pindo." Na kweli inamezwa. Kasoro inakunjwa, inashonwa, inapigwa pasi, na mteja anaondoka akijitazama kwenye kila dirisha la njiani. Kipaji hicho Mungu alimpa, hakuna wa kumnyang'anya. Ubaya ni kwamba Pindo aliamini dunia nzima ina pindo.

Nyumba yake ilikuwa hivyo hivyo. Mlango wa mbele ulivimba kwa mvua, ukawa haufunguki mpaka uuinue kidogo kwa mikono miwili, kisha uupige goti. Swichi ya jikoni ilitaka kofi. Bomba la bafuni lilifungwa kwa kurudishwa nyuma kwanza, ndipo lizungushwe mbele. Wote humo ndani walikwisha kuzoea, hata mapacha wao wa darasa la pili waliupiga mlango goti huku wakigombana, bila kuutazama.

Mkewe alikuwa mkunga, na kila mtu alimwita Mama Pacha. Alimwambia mumewe mara nyingi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Mimi si mwashi, Mama Pacha," Pindo alimjibu. "Mimi fundi cherehani."

"Utani huo. Mimi kazini nikisikia mtu anasema 'ni kawaida tu,' ndipo ninapovaa glavu."

Basi, walikuwa na gari. Lilikuwa la rangi ya maziwa, lenye safu tatu za viti na mlango wa ubavuni wa kusukuma, kuukuu lakini safi. Mapacha waliliita Kobe. Siku za kazi Kobe alibeba marobota ya sare za shule, na siku za mapumziko alibeba familia. Alipendwa kama mtu wa nyumbani, na ndiyo sababu ugonjwa wake ulipoanza walimvumilia kama mtu wa nyumbani.

Ulianzia kwenye breki. Pedeli ikawa laini, ukiikanyaga inazama polepole kama mguu kwenye tope. Pindo akalipeleka kwa fundi gari aliyejiita Bingwa, mwenye gereji nyuma ya kiwanda cha mbao. Bingwa akabadilisha pedi za breki. Gari likapona siku chache, likaugua tena. Akatoa upepo kwenye mabomba, likapona, likaugua. Akabadilisha mabomba yenyewe. Kila mara alilizungusha mle mle uwani kwake, penye tambarare, akashuka akipangusa mikono na kusema, "Sasa hii ni breki, si mchezo."

Tena kulikuwa na jambo la mafuta ya breki. Kikopo chake kilipungua wiki hadi wiki, lakini chini hapakuwa na tone. Pindo alitandika maboksi chini ya gari usiku, na kulipokucha aliyakuta makavu kama alivyoyaweka.

"Sasa yanakwenda wapi?" akamuuliza Bingwa.

"Gari kuukuu, bwana, ni kama mzee mlevi. Huwezi kujua anakunywea wapi. Wewe mwongezee tu."

Pindo alicheka hadi akashika tumbo, akaja kumsimulia mkewe. Mama Pacha hakucheka. Kitu kinachopotea pasipo kuonekana kinakopotelea kilimtisha, na hakuona aibu kusema kwamba kimemtisha.

Haukupita muda, yeye mwenyewe alikuwa kwenye usukani na mapacha wako nyuma, anakaribia lango la zahanati anakofanyia kazi. Akakanyaga breki, pedeli ikaenda hadi chini. Gari likapitiliza lango taratibu, likajisukumiza kwenye ua wa michongoma, likasimama. Hakuna aliyeumia. Mama Pacha akashuka, akawashika watoto mikono, akarudi nao nyumbani kwa miguu. Akaziweka funguo juu ya cherehani ya mumewe, katikati ya kola aliyokuwa akiishona.

"Mimi na wanangu humo hatuingii tena."

Bingwa akaitwa tena, akafungua, akafunga, akaapa. Tangu siku hiyo Pindo akawa analiendesha peke yake, yeye na sare zake. Mwanzoni aliliendesha roho mkononi. Kisha siku zikapita, na wiki zikapita, na breki zikawa zinashika vizuri. Mteremkoni zilishika, kwenye mvua zilishika. Pindo akafurahi. Akasema limepona.

Halikupona. Hapa niseme wazi, maana Pindo mwenyewe hakujua, na kutojua kwake ndiko kulikokuwa na hatari. Pindo alikuwa mtu wa cherehani ya miguu. Tangu ujana wake mguu wake wa kulia ulikuwa ukizungumza na kanyagio la chuma: unaligusa mara mbili kwa ncha ya vidole ili gurudumu likae sawa, halafu unakandamiza. Hakuna aliyemfundisha mguu ule kufikiri, ulijifunza wenyewe. Nao ulipokutana na pedeli inayozama, haukungoja ruhusa ya mwenyewe. Ukaanza kugusa, kugusa, halafu kukandamiza. Breki mbovu ikipigwa-pigwa hivyo hupanda ikashika. Kwa hiyo kila alipotaka kusimama, gari lilisimama, na kichwa cha Pindo kikapokea habari njema. Kikopo aliendelea kukiongezea kila Ijumaa, kama anavyoitilia cherehani mafuta. Hilo nalo lilikwisha kuwa kawaida.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mama mkwe alipokuja kuwatembelea.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu aliwasili nyumba ikiwa tupu. Akapewa ufunguo na jirani, akauzungusha, mlango ukagoma. Walimkuta amekaa juu ya begi lake juani, uso umemvimba kwa hasira.

"Shikamoo, mama," Pindo akasema kwa aibu ya mkwe. "Samahani sana. Unauinua kidogo tu, halafu unaupiga goti."

"Marahaba, baba. Na siku moto ukiwaka humu ndani, jirani anayekuja kuwaokoa mtaanza kumfundisha kwanza?"

Mapacha wakacheka. Pindo akacheka pia, akaahidi kuushughulikia. Mama Pacha alimtazama mama yake, kisha akautazama mlango.

Bibi yule alikaa nao vizuri hadi siku yake ya kuondoka ikakaribia. Jioni ya kabla ya safari, Pindo akiteremka barazani na robota la sare lililomziba macho, alikosea ngazi. Kifundo cha mguu wa kulia kikateguka. Mkewe akamfunga bendeji nyeupe, imara, kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo.

"Kuendesha gari sahau," akamwambia. "Mama itabidi nimtafutie usafiri mwingine."

"Usafiri gani na mizigo yote ile, na gari liko uani? Endesha wewe. Watoto nao wamsindikize bibi yao."

Mama Pacha akakaa ukingoni mwa kitanda, mkononi ana bendeji iliyobaki.

"Limepona?"

"Limepona zamani. Kila siku naliendesha, unaniona."

"Niapie."

"Haki ya Mungu."

"Niapie kwa hawa," akasema, akionyesha chumba cha pili walikolala mapacha.

Pindo hakusita, kwa sababu hakuwa na cha kusitia. Akainua mkono, akaapa kwa wanawe wote wawili kwamba breki za lile gari ni nzima. Alisema kweli yote aliyokuwa nayo. Mama Pacha akashusha pumzi, akazichukua funguo.

Asubuhi wakapakia. Bibi na mapacha wakakaa safu ya kati, mizigo nyuma, Pindo mbele kushoto kwa mkewe, mguu wa bendeji ameunyoosha kwenye zulia. Jua lilikuwa limetoka, barabara kavu. Bibi alikuwa anawasimulia watoto jinsi mama yao alivyokuwa mtundu, nao wanadai maelezo zaidi.

Kwenye tuta la kwanza Mama Pacha akakanyaga breki mapema, kwa woga. Gari likapunguza mwendo. "Iko laini kidogo," akasema.

"Ndivyo ilivyo. Ni kawaida tu."

Neno lile lilimchoma mkewe sikioni, lakini gari lilikuwa limepunguza mwendo, angesema nini? Pindo naye alihisi maumivu makali kwenye kifundo, akadhani ni tuta.

Mbele kidogo wanafunzi walikuwa wanavuka. Mama Pacha akakanyaga tena, gari likasimama likiwa limechelewa kidogo, na mwanafunzi wa mwisho akageuka kuwatazama vibaya. Maumivu yakampiga Pindo tena, mara mbili za haraka, kisha moja kubwa. Hapakuwa na tuta. Akainamisha kichwa kuutazama mguu wake.

Hakuona la ajabu, ila mguu uliofungwa bendeji. Gari likaondoka. Wakapita sokoni, wakapita kiwanda cha mbao, wakafika pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea kituo cha mabasi. Chini ya mteremko ule inapita barabara kuu, na malori ya kokoto hayakuwa na desturi ya kumngoja mtu. Mama Pacha akainua mguu kutoka kwenye pedeli ya mafuta, akaupeleka kwenye breki. Na Pindo, aliyekuwa bado ameinama, akauona mguu wake mwenyewe ukifanya kazi.

Uligusa zulia, ukagusa tena, halafu ukakandamiza.

Aliutazama kama mtu anayemtazama mwizi anayekula mezani kwake. Hakuwa ameutuma. Pale pale akaelewa yote, miezi yote ile. Breki hazikuwahi kupona hata siku moja.

"Baba Pacha," mkewe akasema kwa sauti ndogo. "Inakwenda chini."

"Achia!" Pindo akapiga kelele. "Achia pedeli, ukanyage tena! Achia!"

Mama Pacha akamgeukia kwa nukta moja tu. Gari linakimbia, breki hakuna, na mtu aliyeapa jana anamwambia aiachie. Hakuachia. Nani angeachia? Alizidi kukandamiza kwa nguvu zake zote hadi akanyanyuka kwenye kiti, na Kobe akazidi kukimbia. Chini kule lori la kokoto lilikuwa linakuja, halijui lolote. Bibi akawavuta mapacha kifuani. Pindo akaikamata breki ya mkono kwa mikono yote miwili, gari likayumba, likapunguza kidogo, halikusimama.

Pembeni palikuwa na uwanja wa wafyatua matofali, na mbele yake lundo la mchanga. Mama Pacha akakata usukani. Akatamka majina ya wanawe, wote wawili, na mchanga ukajaa kioo chote.

Kisha kimya. Kisha sauti ya lori ikipita barabara kuu, ikienda zake.

Mapacha walikuwa wazima. Mmoja alikuwa amepasuka mdomo, mwingine analia kwa sababu mwenzake anatoka damu. Bibi alikuwa amevunjika mkono ule aliowakumbatia nao. Wafyatua matofali wakausukuma mlango wa ubavuni, wakawatoa mmoja mmoja kwa upole, wakampisha mkunga afunge mkono wa mama yake kwa kipande cha ubao na kanga. Hakulia wakati anafunga. Alilia alipomaliza.

Bingwa akaja. Akafungua boneti, akaichomoa masta ya breki, ile inayokaa chini ya kikopo, na kwenye bakuli la chuma la nyuma yake yakamwagika mafuta mengi, meusi. Watu wakasogea kutazama.

"Kumbe yalikuwa yanavujia humu ndani," akasema, bila kumtazama mtu. "Chini huwezi kuyaona." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa dhati, akamgeukia Pindo. "Lakini gari hili, bila kupiga-piga pedeli, mteremkoni halisimami. Hivi wewe ulikuwa unaliendeshaje?"

Pindo alikuwa ameketi juu ya tofali, ameushika mguu wake kama mtu anayezuia mbuzi asikimbie.

Bibi alipokwisha kuwekwa plasta walirudi nyumbani kwa gari la kukodi, maana safari haikuwepo tena. Walipofika uani, watoto wametangulia na bibi yao, Mama Pacha akasimama.

"Uliniapia kwa wanangu."

"Niliapa kweli, mke wangu. Sikujua. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua," akasema. "Ungekuwa umenidanganya ningekasirika, tungegombana, yangekwisha. Hukujua. Hilo ndilo linaloniogopesha. Sasa nitamuuliza nani?"

Pindo alitaka kusema tutalirekebisha, akaona neno lenyewe linanuka pindo, akalimeza.

Barazani, pacha mwenye mdomo uliovimba alikuwa ameshazungusha ufunguo. Akashika mlango, akainama ili auinue, goti tayari.

"Usiuinue," Mama Pacha akasema.

Mtoto akageuka kumtazama, haelewi amekosa nini. "Mama, si ndivyo unavyofunguka?"

"Usukume tu. Kama unavyosukumwa mlango."

Mtoto akausukuma. Haukufunguka. Akausukuma tena kwa nguvu, na mwenzake akamsaidia, na mlango ukabaki pale pale, familia nzima nje na bibi na plasta yake. Pindo akapanda ngazi akichechemea ili aseme jambo, amtulize mkewe. Alipoona wote wanamtazama, akainamisha macho. Mikono yake ilikuwa imeshaushika mlango, na goti limeshapanda.