Ncha ya Pili ya Ubao

Tuliusikia msumeno kabla hatujaona ubao hata mmoja. Tulikuwa tukiteremka watatu kutoka Mulago kuelekea Kyebando, na mlio ulitutangulia konani: ukapanda, ukakwama mahali pagumu, ukalia kama mbuzi aliyevutwa sikio, kisha ukakatika ghafla.

"Umeme umekwenda," alisema kijana wa kundi letu, nasi tukacheka. Vita vilikuwa vimekwisha, Kampala nzima ilikuwa inajengwa upya, na Kampala nzima ilikuwa inangoja umeme.

Chuo kilitutaka tujenge banda la jiko katika shule moja ya msingi. Kundi letu lilikuwa kijana yule, Mganda mwenye vidole virefu vyenye madoa ya wino. Mimi, binti wa Mkenya muuza vipuri vya magari. Na msichana aliyehamia kwetu kutoka kundi jingine, binti wa askari kutoka kaskazini, aliyekulia kambini. Banda lilikuwa la shule, lakini mimi nililifanyia kazi kwa ajili ya jambo lingine. Likimalizika, kila mwanafunzi angetafuta mwenzake mmoja wa kufanya naye mradi wa mwaka wa mwisho, mwaka mzima kwenye meza moja. Nilitaka yule kijana anichague mimi. Mwaka ule sikutaka kitu kingine duniani.

Na nilikuwa na sababu ya kutumaini. Jioni, kwenye vibanda vya chakula vya Wandegeya, nilikuwa namfundisha Kiswahili juu ya sahani ya matoke na maharage. Alikosea makusudi ili nimrekebishe. Na karakanani, tulipochagua mbao, ncha ya pili ilikuwa yangu daima. Ubao hauchaguliwi na mtu mmoja. Mmoja huinua ncha ya kule. Mwingine hufumba jicho upande huu na kuutazama kwa urefu wake, kama anayelenga shabaha, aone kama umepinda. Alipofumba jicho, nilijua kwamba ubao ukiwa umenyooka, mwisho wake ni uso wangu. Niliziombea mbao zote zinyooke.

Tulipofika, mwenye mbao alikuwa ameketi juu ya rundo akinywa chai. Nilitangulia mimi, kwa sababu lugha ilikuwa mali yangu.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba kutazama mbao za kenchi ya paa, zilizokauka vizuri."

Akaweka kikombe chini. "Mbao hakuna."

Nyuma yake mbao zilifika hadi kwenye bati. "Na zile?"

"Zile ya watu."

Wafanyakazi wake walikuwa wameacha kazi na kututazama. Yule msichana akanivuta mkono. "Dada, nyamaza kidogo," alininong'oneza. "Anadhani umetoka jeshini. Hapa wamezoea, mtu akija na Kiswahili kilichonyooka hivyo, mbao zinapakiwa kwenye gari na hakuna wa kumdai."

Kisha yeye, ambaye baba yake alikuwa na sare na bunduki kweli, akapiga magoti vumbini kama wafanyavyo mabinti wa Buganda, akamsalimu kwa Kiganda laini kama siagi. Uso wa mwenye mbao ukafunguka.

"Eeh, muwala wange, binti yangu! Sasa huyu kapteni umemtoa wapi?"

Wafanyakazi wakacheka. Yeye pia alicheka, yule kijana wangu, na ndicho kicheko nilichokisikia kuliko vingine.

"Kapteni akae pale alinde misumari," alisema mwenye mbao. "Akiongea tena, bei inapanda."

Nikakaa kando ya misumari na dumu la oili chafu ya gari, ile ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Kutoka pale niliona kila kitu. Msichana aliinua ncha ya pili. Kijana akafumba jicho.

"Inama kidogo," alimwambia. "Huu umepinda."

"Wewe ndiye umepinda. Tazama tena."

Akatazama tena. Akatazama muda mrefu kuliko ubao wowote unavyohitaji. Waliukataa, wakachukua mwingine, wakaukataa na huo, na mimi nikawa na hakika kwamba wanakataa mbao zilizonyooka kabisa ili wasifike mwisho wa rundo. Harufu ya mkaratusi mbichi iliniwasha koo. Niliuchukia mkono wa yule msichana ulioshika ubao bila kutetemeka, nikayachukia hata magoti yake yenye vumbi, kwa kuwa vumbi lile lilimpendeza.

"Nyinyi munachagua mbao ama munachagua bibi?" mwenye mbao aliuliza.

Nilingoja mmoja wao akane. Wakainua ubao mwingine.

Wakati wa kupakia, kijana alinigeukia. "Kapteni, piga mbio, gari inatoka," akasema kwa mkato wa kambini, ule aliokulia nao yule msichana. Masomo yangu yote ya Wandegeya, na maneno ya kwanza aliyoniambia baada ya pale yalitoka kinywani mwa mwingine.

Tulipoezeka banda, wao walikuwa juu. Mimi nilikuwa chini nikiwapokeza mabati, na kila bati lilipopanda lilinimulika jua usoni, nisiwaone.

Banda lilimalizika. Alasiri moja kijana akaja chumbani kwangu hosteli, akakaa kwenye kiti cha pekee, mimi nikiwa kitandani na vitabu.

"Nataka mradi wa mwisho tufanye mimi na wewe," alisema.

Niliyasikia maneno yale ambayo nilikuwa nimejisemea mwenyewe kwa sauti yake miezi mingi. Yalikuwa yale yale, hata mpangilio wake.

"Na yeye?"

"Yeye anafanya na mwenzake wa chumbani."

"Ulijuaje?"

Akavitazama vidole vyake. "Alinijibu hivyo."

"Kwa hiyo ulimuuliza."

"Nilimuuliza jana. Lakini wewe unafanya kazi vizuri zaidi, kila mtu anajua. Tutapata alama nzuri."

Ningeweza kusema ndiyo. Meza ile ningeipata, mwaka mzima, na kila siku ningemtazama akiinua kichwa kila mlango unapofunguliwa.

"Tafuta mwingine, ssebo."

Alikuwa hajawahi kunisikia nikimwita hivyo, 'bwana' kwa Kiganda, kama mteja dukani. Chini mashine za uchapaji za Wandegeya zilikuwa zikipiga kurasa za tasnifu za watu wengine.

"Kale, haya," akasema, na akainuka, na akatoka, na mlango ukafungika nyuma yake.