Kinanda cha Saa Saba

Juzi nilialikwa harusi mjini Meru, ya binti wa rafiki yangu wa chuo. Bibi harusi alipotokea mlangoni mwa kanisa, kijana mmoja akaketi kwenye piano akaanza kumpigia ule wimbo. Wewe unaujua, hata kama hujui jina lake. Hauna maneno. Mkono wa kushoto unatembea polepole, tatu tatu, kama mtu anayeshuka mteremko na mzigo mgongoni, halafu wa kulia unagonga noti moja juu, kwa upole, na moyo unalegea hata kama ulikuja ukiwa na furaha zako. Vijana walitoa simu wakapiga picha. Sisi wa rika langu tuliinamisha vichwa. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia akaibana kifuani, na mkewe akamuuliza kwa sauti, “Sasa ni nani amekufa?” Nilicheka mpaka ikabidi nitoke nje, na huko nje kicheko kikaniishia.

Miaka ya mwanzo ya tisini, kwetu Kanyakine, idhaa ya redio ilikuwa moja na wimbo huo ulikuwa na kazi moja. Kila siku, baada ya habari za saa saba mchana, ulipigwa kidogo, kisha yakafuata matangazo ya vifo. Nilikuwa darasa la saba na shule ilikuwa karibu, kwa hivyo nilikimbia nyumbani saa ya chakula. Nyanya alikuwa amekwisha kuitoa redio nje, ameiweka juu ya kigoda chini ya ukingo wa mabati, na betri zake zimeshinda juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Wanawake wanne au watano, wote wazee, walikuja kutoka mashambani na matope yao miguuni, wakaketi kwenye nyasi. Nyanya aliwapa githeri ya mahindi na maharagwe kwenye vibakuli vya bati. Nilipenda harufu ya mahali pale: moshi wa kuni, mahindi, jasho, na maganda ya kahawa yaliyokuwa yakioza nyuma ya nyumba.

Kinanda kilipoanza, hakuna aliyetafuna. Nyanya yangu, ambaye hakuweza kunyamaza hata kanisani wakati wa maombi, alinyamaza. Waliupenda wimbo ule kuliko nyimbo zote za tenzi, na kama mtangazaji aliukatiza mapema walimtukana yeye na waliomzaa. Mwalimu wangu wa muziki aliwahi kutuambia kwamba Mzungu aliyeutunga alikuwa amependa mwanamke. Nilipomweleza nyanya, alisema mwalimu huyo ni mwongo, kwa sababu mtu anayependa hatembei polepole hivyo.

Mimi nilikuwa na cheo hapo. Wazee wetu walizungumza Kimeru; Kiswahili cha redio kiliwapita mbio, wakaambulia jina hapa na mahali pale. Kwa hiyo mtangazaji alisoma, nami nikawatafsiria: nani amekufa, mke wa nani, mama wa nani, anazikwa wapi. Walinitazama mdomoni kama vifaranga. Ukimpa mtoto wa miaka kumi na mitatu cheo cha namna hiyo, usishangae akikitumia vibaya.

Aliyeketi karibu kabisa na redio alikuwa jirani yetu, mjane aliyeishi ng'ambo ya miti yetu ya makadamia. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekwenda Embu kutafuta kazi miaka sita kabla. Mwanzoni barua zilikuja, nami nikazisoma. Kisha zikakoma. Wengine walidai wamemwona Mombasa, wengine walisema jela. Jirani hakubishana na mtu. Kinanda kilipoanza alikaza leso kiunoni, akafumba macho, akasikiliza wimbo wake na majina yake mpaka mwisho. Jina la mwanawe lisipotajwa, alifungua macho akasema, “Leo pia ako hai.” Kisha akachukua jembe lake akarudi kupalilia. Hiyo ndiyo habari pekee ya mtoto wake aliyokuwa akipata, na aliipata kila siku bila kukosa.

Sasa nikwambie nilichomfanyia.

Msimu wa kahawa tulichuma sote, na kahawa ilitakiwa ipelekwe kiwandani ikiwa nyekundu. Mimi nilikuwa mvivu wa kuchambua. Siku moja nikajaza kikapu cha nyanya kahawa mbichi chini, nyekundu juu. Jirani alikuwa nyuma yetu kwenye foleni, akaiona, naye hakuwa mtu wa kunong'ona. “Kai! Hako kakenye kameweka mbichi!” alipaza sauti, na kiwanda kizima kikageuka kutazama kasichana kenyewe. Karani akamwaga kikapu chote sakafuni mbele ya watu. Nyanya aliaibika, akanipeleka mpaka nyumbani, akakata upupu akanichapa nao miguuni. Na kwaya yetu ya shule ilipokwenda mashindanoni Embu Jumamosi hiyo, aliniambia nikae nichambue kahawa.

Jumatatu saa saba betri zilikuwa zimechoka kabisa. Kinanda kilitoka kwa mbali, na majina yakaja yakikwaruza. Wanawake walikuwa wamesogea, masikio mbele. Jirani alikuwa amefumba macho. Mtangazaji alipomaliza, nikasimama, nikaangalia chini kama mtu aliyeshikwa na huzuni, nikalitaja jina la mwanawe. Majina yote matatu. Nikasema mwili uko chumba cha maiti huko Embu.

Nilitarajia apige ukemi. Nilikuwa nimepanga nimwache alie kidogo, kisha niseme nimekosea. Hakulia. Alifungua macho akanitazama kwa muda ambao bado naukumbuka, akamalizia githeri iliyobaki kwenye kibakuli, akamrudishia nyanya kibakuli chake na kumshukuru. Kisha akaenda kwake. Wanawake wengine ndio waliopiga ukemi, na baada ya hapo jambo halikuwa tena mikononi mwangu.

Kufikia jioni boma lake lilikuwa limejaa watu. Wengine walisema hawakusikia jina hilo. Lakini mwenye duka la pale sokoni, ambaye hakupenda jambo limpite, aliapa kwamba yeye alilisikia kwa masikio yake mawili, na kwamba ilitajwa hata malaria. Nilisimama nyuma ya nyanya nikasikia uongo wangu ukiota miguu. Ningeweza kusema. Sikusema kwa sababu niliogopa upupu. Nimetafuta sababu yenye heshima zaidi maisha yangu yote, sijaipata.

Baba yangu na mwenye duka wakatumwa Embu kuuchukua mwili. Walirudi siku ya tatu bila kitu. Mwenye duka alipita moja kwa moja kwake, naye hakuapa tena jambo lolote mwezi huo. Baba aliingia jikoni kwa nyanya, jirani akaitwa, na mimi nilikuwa pembeni nikimenya ndizi.

“Tumemwona,” baba alisema. “Si mochari. Tumeuliza Wameru wa sokoni, wakatupeleka kwake. Ako hai, mama. Ana duka la misumari na mabati. Ana bibi na watoto watatu.”

Nyanya alianza kumshukuru Mungu. Baba akamwinulia mkono anyamaze.

“Ameambia bibi yake na hao watu wote ati mama yake alikufa akiwa mdogo. Ati alilelewa na kanisa. Ametuomba tutoke na mlango wa nyuma kabla bibi hajarudi.”

Moto ulilia kwenye mafiga. Jirani alikunja leso yake, akaikunjua.

“Amenona?” aliuliza.

“Amenona.”

“Hao watoto wanafanana naye?”

“Mmoja anakufanana wewe.”

Kisha akainuka, akajipangusa majivu. “Huyo mmeona ni wa watu wengine,” alisema. “Wangu alitangazwa. Nikatieni mgomba.”

Kwetu mtu akifa na mwili usipatikane, shina la mgomba huzikwa badala yake. Mwinjilisti alikataa katakata kuombea mgomba, hasa mgomba wa mtu anayeuza mabati. Jirani hakumsihi. Baba alikata shina, jirani akalifunga kwenye blanketi ambalo mwanawe alilalia utotoni, na wanaume wakachimba kaburi la kimo kamili karibu na mstari wa kwanza wa kahawa yake. Wanawake wa redio ndio waliokuja kuzika. Walipofika kando ya shimo hawakuimba tenzi. Nyanya yangu alianza kuguna ule wimbo wa kinanda, na wengine wakaingia, polepole, tatu tatu, kila mmoja na sauti yake mbovu. Waliujua mwanzo tu, kwa sababu redio haikuwahi kuucheza mpaka mwisho. Walipofika pale mtangazaji alipozoea kuingilia, wote walinyamaza. Katika kimya hicho jirani akalitaja jina la mwanawe, akarusha udongo wa kwanza. Sijasikia muziki mzuri kuliko huo, na nilichotaka wakati ule ni ardhi inimeze mimi, si mgomba.

Kesho yake saa saba jirani hakuja kusikiliza. Hakuja tena kamwe. Wimbo ule alioupenda kuliko sisi sote, aliuacha kwa siku moja. Nilipomkuta njiani nilimsalimu, naye aliitikia vizuri, akaniuliza habari za shule, akanipa hata ndizi mbivu. Nililia kila alipokuwa mwema kwangu. Hali hiyo iliendelea miaka saba.

Nilikuwa chuo cha ualimu alipougua. Nikiwa likizo aliniita, akaniambia nije na kalamu na karatasi. Nilimkuta amekaa kitandani, jua la mchana limemwangukia magotini, amekonda mpaka mikono imebaki mifupa na mishipa.

“Unajua vile huwa wanasema kwa redio,” alianza. “Niandikie yangu. Anza na jina langu. Mke wa marehemu, uweke mzee wangu. Halafu weka, mama wa marehemu.” Akalitaja jina la mwanawe, majina yote matatu.

Kalamu ilisimama. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu, nikatubu yote, kahawa, upupu, betri, nikilia kamasi zikishuka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

“Kwani ulifikiria sijui?” alisema. “Jina la mtoto wangu ningesikia hata redio ikiwa imezimwa. Siku hiyo halikusemwa.”

“Ulijua? Kuanzia siku hiyo?”

“Kabla hujafunga mdomo.”

“Sasa mbona hukusema, mama?”

“Nilikuwa nimechoka. Mtu amekufa ako na sababu ya kutokuja kwa mamake.” Alifunga macho kidogo. “Na wewe nilikuacha nayo makusudi. Ilikuwa ikufundishe. Sasa andika.”

Niliandika. Alipokufa wiki mbili baadaye, nililipeleka tangazo hilo mjini mwenyewe, kama lilivyokuwa. Lilisomwa saa saba, baada ya kinanda, na neno “marehemu” likatajwa mara mbili, polepole, kwa sauti safi kabisa. Nyanya alikuwa na betri mpya.

Mwanawe alikuja kwenye mazishi. Kumbe dukani kwake redio haizimwi. Alifika kwa pikapu, amevaa suti, na mkewe kando yake akiwa amechanganyikiwa, maana siku hiyo moja alikuwa amejua kwamba ana mama mkwe na kwamba mumewe amekufa. Hakuna aliyemsukuma wala kumtukana. Watu walimpita tu. Chai iligawiwa, sinia ikamruka. Mwenye duka wetu wa sokoni alizungumza na mtu aliyesimama kushoto kwake, kisha na aliyesimama kulia kwake. Nilimwona mwana huyo akifungua mdomo kusalimu, akiufunga, mara nyingi, na jasho likimtoka shingoni.

Mwinjilisti alipoita watoto wa marehemu waje waweke udongo, mwana huyo alisogea mbele na kuinama. Nyanya yangu alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kaburi. Akanyoosha mkongojo wake, akamzuia kifuani.

“Wewe umezikwa hapo,” alimwambia, na kwa kidevu akamwonyesha lile kaburi lingine, karibu na kahawa.

Mkewe aliuliza, “Hapo ni nani?” Hakujibiwa. Wanaume walichukua majembe wakaanza kufukia, naye akabaki amesimama na udongo mkononi mpaka kazi ikaisha. Ningepaswa kumwonea huruma. Mimi ndiye niliyeanza kumwua, na kwa sababu ya kikapu cha kahawa. Sikumwonea. Nilichukua jembe kutoka kwa baba nikasaidia.

Wale wanawake wote wamekwisha sasa, nyanya naye. Kahawa iling'olewa. Mtu akifa, habari inafika kwenye simu za watu wote kabla maji ya chai hayajachemka, pamoja na picha yake akicheka, na hakuna anayenyamazia kitu. Nawakosa sana. Walikuwa watu wagumu, ambao wangeweza kulilia mgomba kwa machozi ya kweli na kumtazama mtu aliye hai wasimwone. Sijui kama ningewataka wanilee tena, lakini nawakosa.

Yule mwanawe nasikia yuko hai bado. Kwetu hakuna anayemuulizia.