Tarumbeta Iliyomwita Nyanya

Kanda ile alinirekodia Mhindi mwenye duka la muziki mtaani kwetu Malindi, mwanzo wa likizo hii. Nilikuwa nimeona santuri mpya, jalada linang'aa, imeandikwa jazi. Nikajua ni magitaa, kama jazi za kwetu.

"Hii jazi ya mababu," akanambia. "Weusi wa Marekani, zamani sana. Sasa wameitoa upya."

Kwenye jalada wanaume wenye suti, matarumbeta mapajani, wananikodolea macho.

"Wako wapi hawa?"

"Wamekufa wote."

"Basi nirekodie. Hawatakataa."

Shabaha yangu ilikuwa kumshtua dada. Baada ya alasiri nikaificha redio nyuma ya pazia la ukumbini, alipopita nikaifungua. Kwanza ikachakarika kama samaki anayekaangwa, kisha wale watu wakaanza kupuliza, sauti zao utadhani zatoka ndani ya kisima. Dada akapiga ukelele. Mie chini, mbavu sina.

Wimbo ukaisha. Halafu ikaja tarumbeta peke yake: fupi, fupi, ndefu.

Chumbani nyanya, ambaye tangu augue hanyanyui hata sauti, akaitika: "Labeka!"

Mama alidondosha mwiko. Kwetu ukiitwa na usiyemwona huitiki. Ukiitika umemfuata kaburini. Hata mtoto anayetambaa anajua.

"Nani kakuita, mama?" akamuuliza.

"Mume wangu. Tieni kahawa jikoni."

Sasa, mume wa nyanya ni mie. Ndio utani wetu tangu nizaliwe. Nikachungulia mlangoni: "Mumeo niko hapa, na kahawa naitaka."

"Si wewe," akasema. "Yule mkubwa."

Babu alikuwa mpiga tarumbeta wa beni, ile ngoma ya matarumbeta. Akirudi ngomani, akifika pembeni mwa nyumba hupuliza mara tatu ili akute kahawa i moto. Mie sikumkuta duniani.

Kesho yake redio ilikuwa tupu. Mawe yake ya betri nilikuwa nimeyaanika ukutani yapate jua, labda yangefufuka kidogo. Alasiri, kimya kabisa, nyanya akaitika tena. "Labeka!" Safari hii kwa sauti ya mwanamwali.

Mama akanivuta sikio hadi uani. "Nenda kwa huyo Mhindi. Kaulize kama mlio ule umo kwenye santuri. Kama umo, ni muziki tu umemkumbusha. Kama haumo..." Tangu jana mama alikuwa hajala.

Mhindi akaiweka santuri, upande huu na upande ule. Wimbo ukaisha, sindano ikachakarika, basi. Nikamwomba arudie. Akarudia.

"Wewe watafuta nini?"

"Tarumbeta ya mwisho."

"Haina ya mwisho."

Mama nilimkuta amesimama kizingitini. "Umo?"

"Umo, mama. Nimeusikia kwa masikio yangu."

Akakaa kitako pale pale, akaomba maji. Mie ninayecheka hata darasani tukichapwa, nikaenda kuyachota bila hata kutabasamu.

Siku iliyofuata alasiri nilijiweka mlangoni kwa nyanya na buli la kahawa. Sikusikia kitu, wallahi. Lakini alipogeuza kichwa kuelekea dirishani, midomo ikaanza kufunguka, nikamtangulia: "NAAM!"

Kuku wakaruka. Dada akasema nimerukwa na akili. Nyanya akanitazama, akacheka hadi akakohoa.

"Wewe wataka kwenda?"

"Na aje anichukue. Magharibi haitafika, atanirudisha mwenyewe na kuomba radhi."

Tangu hapo kila alasiri naitika mie, na nyanya ameanza kula uji. Ila shule yafunguliwa Jumatatu, na mie nalala bweni. Kwa hivyo namfundisha dada kuitika kwa sauti nzito. Jana nilimwachia ajaribu. Akakaa mlangoni, akajikaza, akatoa "Naam" moja ya kiume kweli kweli.

Nyanya alisikiliza kidogo, uso kauelekeza dirishani.

"Mkubwa kacheka," akasema.