Mate kwenye Uso wa Krishna

Mwaka 2017 nilikuwa nashona kwenye karakana moja ghorofa ya tatu, mtaa wa Doornfontein, ugenini kusini mwa Afrika. Bosi alikuwa Mtanzania mwenzangu, mtu wa Dar. Aliuza vitambaa vya ibada vya Wahindu, vile vikubwa vyenye picha ya Krishna, ng'ombe na maua ya yungiyungi. Wateja aliwaambia vimechorwa kwa mkono, vina miaka mia. Uongo mtupu. Vilichapwa kwa mashine, naye akapitisha brashi juu juu. Mimi nilitia bitana kuficha upande wa nyuma.

Kilichonitia kinyaa ni jinsi alivyovizeesha. Alivilowesha kwenye ndoo ya chai iliyovunda, akavikanyaga kwa viatu alivyotoka navyo chooni. Rangi ikikataa kufifia, alitema mate na kusugua kwa dole gumba. Siku moja nilimwona akimtemea Krishna usoni, mdomo umejaa chipsi.

"Bosi, watu wanakisujudia hicho."

"Wewe Mwislamu, kinakuuma nini? Shona, dada."

Nikashona.

Wiki iliyofuata akaja bibi mmoja wa Kihindi, anahema, maana lifti ilikuwa mbovu. Alitaka kitambaa cha chumba chake cha sala. Alichoachiwa na mama yake kiliungua moto. Bosi akamkunjulia kile kile. Bibi akavua viatu, akafumba macho, akaweka paji la uso na midomo pale pale palipotemewa.

Nikaacha kushona, nikainuka.

"Mama, toa uso wako hapo!" nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. "Kimechapwa juzi tu. Huyu amekitemea mate."

"Eish, usimsikilize, huyu ana wazimu," bosi akacheka.

Bibi alikinusa kitambaa. Akajifuta midomo kwa ncha ya sari, akarudia, akarudia tena. Nilidhani atakitupa chini. Badala yake alikikunja, akakikumbatia.

"Nimeshamwinamia," aliniambia. "Siwezi kumwacha na mtu huyu."

Akashuka nacho. Na bosi, bila haya, akamfuata ngazini akidai bei ya kitu cha miaka mia.

Nilichukua mkasi wangu nikaondoka. Baadaye nilipata kazi mtaa wa Bertrams, ya kupunguza sare za shule. Yeye, nasikia, aliendelea na biashara yake. Namchukia, lakini ninayemwonea kinyaa zaidi ni yule dada aliyekaa pale miezi minne, anaona kila kitu, anashona.