Pumba Kwenye Kona

Nilitoka Soweto, Mbeya, na jambo moja kichwani: kumshawishi baba auze pikipiki. Watoto wote tulikuwa tumekubaliana, na mimi kifungua mimba nikatwishwa mzigo. Baba ana miaka sabini na kitu, na huko kwake Ubaruku masika yakishika, njia ya kwenda kwenye majaruba yake ya mpunga inakuwa mlenda mtupu.

"Pikipiki ndiyo miguu yangu," alinijibu hata chai sijamaliza. "Mkiniondolea, mtanikuta nimekaa hapa nachunga kuku." Akanipa kofia ngumu. "Panda uone."

Nilipanda nimenuna. Lakini mzee anaendesha, lazima niseme ukweli. Penye utelezi alibaki gia ya pili, akitia mafuta kidogo kidogo, miguu tayari kushuka, breki haigusi. Njia nzima ananisomesha: kona usiikate ghafla, breki ya mbele usiikamate kwenye matope, tairi likishafunga halikusikilizi tena. Nampenda sana mzee huyu mbishi, na nilianza kulegea.

Wakati wa kurudi, karibu na nyumbani, tukafika kwenye kona ya mashine ya kukoboa mpunga. Palikuwa pamemwagwa pumba. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya: matope yakizidi, mtu anachota pumba mashineni anamwaga njiani, na mwenda kwa miguu anapita bila kuzama. Kwa macho palikuwa pakavu kabisa. Baba akapaamini, akagusa breki ya mbele. Pumba zikaserereka juu ya udongo mbichi, tairi likakimbilia pembeni, na sote wawili tukalala chini kama magunia.

Tuliinuka wazima, isipokuwa goti la baba lilichubuka. Mimi nikaanza kufoka: mjinga gani kamwaga hizi?

"Punguza sauti," baba alisema. "Ni mama yako. Asubuhi kaniambia atanitengenezea kona, nisije nikaanguka."

Tayari alikuwa anazikwangua kwa buti, akizisukumia mtaroni. Nikamsaidia, nimefura.

Nyumbani mama aliliona goti, akashika mdomo. "Jamani! Na pumba zote zile nilizobeba! Umeangukaje?"

"Pumba zako ndizo zimetuokoa," baba alisema bila kupepesa. "Kosa langu. Macho yamechoka, sikuiona kona vizuri."

Mama alimwosha goti kwa maji ya uvuguvugu. Kisha akasema polepole, "Kama macho yamefikia hapo, baba, pikipiki basi. Nitakuzika bure."

Baba alinitazama. Neno langu moja tu lingeiokoa pikipiki ile, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Akanitikisia kichwa, kidogo sana, mama asione.

"Sawa, mama," akamwambia. "Watoto waiuze."