Moyo wa Nailoni

Kaka yangu mkubwa alishonwa moyo kwa uzi wa nailoni, ule wa nyavu za wavuvi wa Karema. Ndivyo ilivyosemwa kwetu, nami niliamini mpaka nikaota mvi. Alizaliwa na tundu moyoni. Akiwa mtoto mapadri wakampeleka Ulaya, akarudi na kovu refu kifuani. Na kwa kuwa uzi wa nyavu hauozi hata ukilala ziwani mwaka mzima, basi moyo wake nao hautachoka milele.

Nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, baiolojia nikafaulu, na bado niliamini! Nikikumbuka natamani kujizaba vibao.

Maana kwa ajili ya uzi huo tulimgeuza punda. Kila mavuno ya mpunga, gunia zito kuliko yote lilikuwa lake. "Mpeni huyo, ana nailoni!" nilipiga kelele, na shamba zima likaangua kicheko kilichosikika mpaka Sitalike. Naye alicheka, ila alicheka huku ameshika ukingo wa tela. Hilo nililiona. Nililiona kila mwaka! Hasira yangu haina pa kwenda, kwa sababu waliocheka wote niliwachekesha mimi.

Mwaka jana, akiwa na miaka sitini na mbili, miguu ilimvimba kama mihogo ya Mishamo, akawa analala amekaa. Mmoja akasema chumvi, mwingine uzee, mwingine karogwa. Mimi msomi nikatamka: "Kaka, moyo haiwezi kuwa. Moyo ulishamalizwa."

"Mdogo wangu," akasema, akipumzika katikati ya maneno, "huu moyo unanipiga mateke."

Nikampeleka hospitali ya Mpanda. Daktari, binti wa rika la mwanangu, aliutazama moyo wake kwenye skrini, kisha akauliza kliniki ya mwisho ilikuwa lini.

"Kliniki ya nini?" nikafoka. "Alishapona! Nyie hamjui alishonwa kwa uzi wa nyavu?"

Hakucheka. Ningeshukuru angecheka.

"Baba, ni uzi wa hospitali, na hauna shida. Tundu liliziba. Lakini aliyezaliwa na tundu la moyo, hata akishonwa vizuri, anapimwa maisha yake yote. Huyu hajapimwa tangu utotoni. Sasa moyo umetanuka na mapigo yamevurugika. Dawa anaanza leo, nitamwandikia rufaa kwa daktari wa moyo. Na magunia asibebe tena."