Koroma za Bi Mwanahamisi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya vyakula kule Raskazone, Tanga, sikukabidhiwa kifaa chochote ila panga. Msimamizi wa Maabara, mzee mkali asiyependa maneno mengi, alinionyesha rundo la nazi akasema, "Pasua. Kemia inaanzia hapo." Mimi ni Msambaa wa Lushoto, nazi niliijua ikiwa imeshakunwa. Nilipasua mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Taratibu nikajifunza. Nyama ya nazi tuliikuna, tukaikausha kwenye tanuri hadi maji yaishe, kisha tukaipitishia kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Kimiminika kikishavukizwa, kilichobaki ndiyo mafuta, nayo tukayapima. Dafu lina maji yenye sukari na potasiamu, mafuta haba. Koroma, yaani nazi inayokaribia kukomaa, iko katikati. Nazi iliyokomaa ndiyo yenye mafuta tele. Hayo niliyakariri kama mistari ya Biblia, lakini ukinipa koroma na nazi mkononi, nilikuwa kipofu.

Ndipo akaja Bi Mwanahamisi na gunia lake. Aliwaongoza kina mama wa Usagara waliouza nazi, na mtengeneza sabuni mmoja alikuwa tayari kununua kwao mwaka mzima, mradi apate majibu yetu kwanza. Nilichukua zilizokuwa juu ya gunia, nikapima, nikaandika: mafuta ni kidogo. Mtengeneza sabuni akawakataa.

Bi Mwanahamisi alirudi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe ulizopasua."

Nikamtolea vipande vilivyobaki kwenye friji. Akabonyeza nyama kwa ukucha.

"Mbona hizi koroma! Si nilikwambia za juu ni zenu, mtafune? Na wewe ukaitikia."

Kweli aliniambia. Macho yangu yalikuwa kwenye tanuri, nikaitikia ndiyo bila kusikia. Nilikuwa nimepima zawadi.

"Wenzangu wanasema nimewachagulia nazi mbovu," akasema polepole. "Hawanisemeshi."

Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Nikaingia kwa Msimamizi, nikamweleza yote.

"Mizani haikukosea," akasema. "Rudia kipimo. Barua utaandika wewe, na utaipeleka wewe."

Safari hii Bi Mwanahamisi alinichagulia mwenyewe, akizitikisa sikioni mwangu moja moja nisikie maji yakicheza ndani, ishara ya nazi iliyokomaa. Mafuta yakatoka tele. Nikaandika: "Majibu ya kwanza si sahihi. Kosa ni langu." Mtengeneza sabuni aliisoma mara mbili, akanitazama, kisha akamwita dereva wa lori aende Usagara kubeba nazi.

Baadaye nilipelekwa Amani, kule milimani, ambako baridi huyagandisha mafuta ya nazi chupani, na mwisho nikarudi Tanga hadi nikakalia kiti cha Msimamizi. Sasa nimestaafu. Nawashukuru wengi, yule mzee mkali akiwa wa kwanza. Angeweza kunifukuza, naye akanifundisha.

Lakini Bi Mwanahamisi namshukuru kuliko wote, kwa kuwa hakunifokea. Najijua. Angenifokea siku ile, ningejitetea. Karatasi yangu ilikuwa na muhuri, yeye alikuwa na neno lake tu, na watu wangeniamini mimi.